Maziwa Kutoka Likoni

Likoni
Jumamosi, 1 Februari 2025

Kwa Israa,

Assalaam alaykum.

Barua hii inakufikia kwa mkono wa mume wetu Badawi kwa sababu simu umenifungia. Nimepiga mara mbili tatu, inakata. Sikulaumu. Mara ya mwisho tuliambizana maneno ambayo hata mimi singependa kuyasikia tena. Bahasha nimeibana kwa gundi, na yeye nimemwambia ni mambo ya wanawake.

Naandika kwa ajili ya mtoto. Juzi Badawi alikuja akakaa mbele ya sahani ya wali na samaki wa kupaka, hakuigusa. Nalimuuliza, "Dukani kuna nini?" Akasema dukani hakuna neno. Nikamwacha. Baadaye ndipo akasema, "Imad haongezeki." Akanieleza kwamba mtoto ana miezi miwili na uzito aliozaliwa nao ameupita kidogo tu, na kliniki wamekwambia umrudishe kila wiki.

Mimi nina maziwa. Salsabil ana miezi mitano, ananyonya mpaka anacheua, na bado nguo zangu zinalowa. Ukikubali, Badawi atamleta Imad kwangu asubuhi anapokwenda dukani, na jioni atarudi kwako ameshiba. Au nije mimi huko, ukipenda. Hakuna la ajabu ndani yake. Wazee wetu walinyonyesheana.

Sikuandikii kwa mapenzi, sitakudanganya. Mimi nina miaka kumi na nne katika ndoa hii na wewe hujatimiza hata mmoja. Lakini huyo mtoto ni ndugu ya wanangu, na sitaki kesho mtu aniulize kwa nini nalinyamaza.

Kuluthum


Kiembeni
Jumanne, 4 Februari 2025

Bi Kuluthum,

Wa alaykum salaam.

Barua nimeipata. Bahasha haikuwa imefunguliwa, lakini Badawi alisimama mlangoni akinitazama nikiisoma, kwa hiyo najua kwamba anajua.

Mwanangu ana mwili wa baba yake. Umeishi na Badawi miaka hiyo yote, umewahi kumwona na tumbo? Na ananyonya. Ananyonya kutwa nzima. Akimaliza titi hili namweka lile, mpaka analala nalo mdomoni. Mama yangu amehamia hapa kwa ajili hiyo. Asubuhi ananipa uji wa pilipili manga, jioni supu ya pweza, mpaka jasho langu linanuka pweza. Linalowezekana nalifanya.

Ningependa kujua kwa nini mambo ya nyumba yangu yanasemwa kwenye chakula chako. Lakini na mimi huletewa habari. Najua Salsabil ameanza kukaa mwenyewe. Najua mapaja yake yana mikunjo mitatu, kwa sababu picha yake ndiyo Badawi ameiweka kwenye simu, na kila simu ikilia naiona. Ya Imad hajaiweka. Nilimuuliza. Alinijibu, "Akinenepa kidogo."

Unasema wazee walinyonyesheana. Wazee walifanya mengi. Mume tumegawana kwa sababu sheria imeruhusu na mimi mwenyewe nilikubali. Mtoto hatugawani. Akinyonya kwako atakuita mama, na mimi nitakuwa nani? Mwanamke aliyemzaa akashindwa kumlisha?

Tafadhali usiniandikie tena juu ya maziwa.

Israa


Likoni
Jumamosi, 8 Februari 2025

Israa,

Sitakuandikia juu ya maziwa.

Nitakuandikia juu ya zamu. Ulipoolewa tulikubaliana siku mbili kwako na siku mbili kwangu, na shahidi wetu ni mama mkwe. Wiki hizi mbili sijui zamu yangu iko wapi. Alhamisi Badawi aliingia hapa, hata viatu hajavua, simu yako ikalia kwamba mtoto analia. Akageuka akarudi kivukoni. Wanangu walikuwa wamemngoja na madaftari yao wamuonyeshe.

Watoto hulia. Wiki ya harusi yako mimi nalikuwa na mimba changa, natapika bafuni, na huku nje nasikia nyumba nzima inaulizana gari gani litawapeleka wageni Kiembeni. Hakuna aliyeuliza kama nimekula. Salsabil nalimbeba hivyo. Kwa hiyo hiyo picha unayoitazama ukaumia, jua na mimi ninazo zangu za kutazama.

Nawatakia afya, wewe na mtoto. Shikamoo sikuiona kwenye barua yako. Pengine ilianguka majini wakati Badawi anavuka.

Kuluthum


Kiembeni
Ijumaa, 14 Februari 2025

Kuluthum,

Nakuuliza na unijibu kwa Mungu wako.

Jana nilikuwa na homa. Badawi akasema anampeleka Imad kwa bibi yake Mikindani, kwamba bibi amemkumbuka, na mimi nipate kulala. Nikamvisha fulana yake ya manjano, nikamfunga leso, nikampa. Alasiri alimrudisha. Mtoto amelala, mwili umelegea, mdomo wazi, usingizi ambao sijawahi kumwona nao. Nilifurahi. Nikamwinamia nimbusu.

Ananuka udi. Bibi yake hafukizi udi, unamsumbua kifua. Mama yangu hafukizi. Mimi sifukizi tangu nijifungue. Najua nani anafukiza udi, kwa sababu Badawi huja nao kwenye kanzu kila akitoka kwako, na kwa mwaka mzima nimekuwa nikiufua.

Umemnyonyesha mwanangu?

Nilimuuliza Badawi. Akasema, "Muulize mwenyewe." Basi nakuuliza.

Israa


Likoni
Jumamosi, 15 Februari 2025

Israa,

Ndiyo. Alikuja kwangu.

Badawi aliingia naye saa nne asubuhi. Nalimuuliza, "Israa anajua?" Akasema, "Anajua." Nalimtazama machoni, naye akatazama viatu vyake. Pale pale nalijua kuwa hujui. Lakini nikanyoosha mikono nikampokea. Hilo ni kosa langu, si la Badawi peke yake, na nakuomba radhi.

Nitakwambia na lililo chini yake, maana umenitaka nijibu kwa Mungu wangu. Nalitaka. Tangu uniandikie kwamba mtoto hatugawani, nalitaka anyonye kwangu ashibe, alale mapajani mwangu maziwa yanamtiririka shavuni, na Badawi asimame pale aone nani ana nini. Ndilo lililokuwa moyoni mwangu nalipomweka kifuani.

Hakunyonya, Israa.

Alishika, akaachia. Akashika, akaachia. Mdomo wake ukawa unatoa mlio kama mtu anayesonya. Maziwa yakamwagika pembeni yakamuingia shingoni. Mimi nina watoto wanne na maziwa yangu hayasubiri mtu, lakini mtoto huyu alihangaika nayo mpaka paji la uso likatoka jasho, kisha akalala. Titi likabaki limejaa vile vile. Mtu angemtazama usingizini angesema ameshiba. Hakuwa ameshiba. Alikuwa amechoka.

Ndipo nikayakamua kwenye kikombe cha kahawa nikamnywesha kwa kijiko. Alikunywa macho yamemtoka. Huo usingizi uliouona ni wa kijiko.

Alipolia nalimtazama kinywani. Ulimi hauinuki. Unabaki chini, na ncha yake imegawika katikati kama kopa la karata. Wangu hawakuwa hivyo hata mmoja. Mimi si daktari, sijui ni kitu au si kitu. Ila ukienda kliniki wasimpime uzito tu wakakupa pole. Waambie wakae wakutazame ukinyonyesha.

Maziwa yako sijui yana kosa gani. Yangu yamejaa, na bado yalimshinda.

Badawi nimemwambia lake. Hatarudia.

Kuluthum


Kiembeni
Jumanne, 25 Februari 2025

Dada Kuluthum,

Shikamoo.

Nimechelewa kukujibu. Barua yako niliisoma nikaichana, kisha nikaokota vipande nikaisoma tena. Nitakwambia jambo ambalo sijamwambia hata mama yangu. Nilipofika pale uliposema hakunyonya, nilifurahi. Nilifurahi kwamba na kwako ameshindwa. Nilifurahi kabla sijaogopa, Mungu anisamehe.

Jumatatu iliyofuata tulikwenda kliniki. Siku zote huwa wanampima, wanaandika, wananiambia nile vizuri nisiwe na mawazo. Safari hii nilisema vile ulivyonifundisha. Sista aliyekuwepo anaitwa Purity, mama mtu mzima. Akavuta kiti, akasema, "Haya, mnyonyeshe nione." Akatazama muda mrefu. Kisha akavaa glavu, akamtia Imad kidole chini ya ulimi. Akasema, "Mama, huyu ulimi umeshikwa. Hawezi kuutoa nje akalikamata titi. Anamumunya mbele tu."

Nikamuuliza, "Kwa hiyo si maziwa yangu?"

Akasema, "Ulianza nayo ya kutosha."

Tukapelekwa kwa daktari. Alikata kile kiuzi cha chini ya ulimi kwa mkasi mdogo. Nilijigeuza nikatazama ukuta. Badawi ndiye aliyeshika kichwa, na nilipogeuka nilimkuta yeye analia na mtoto ameshanyamaza. Daktari akasema nimweke kifuani hapo hapo. Nikamweka. Iliniuma kidogo, halafu haikuuma. Halafu nikasikia sauti sijawahi kuisikia tangu nimzae. Alikuwa anameza.

Nilitaka kukuandikia siku ile ile, nikajizuia. Ningependa barua iishie hapo, niseme ahsante na kwaheri. Lakini Sista Purity amesema kazi haijaisha. Titi lisilomalizwa huacha kutengeneza, na langu limeachwa nusu muda wote huu. Nimnyonyeshe mara kwa mara, kila baada ya kunyonyesha nikamue, na mpaka maziwa yarudi mtoto aongezewe mengine kwa kikombe, maana hana akiba mwilini. Alisema yapo ya kopo na hakuna aibu ndani yake. Kopo tumenunua, na ndilo analoongezewa. Kila nikilipima kwa kijiko chake nakumbuka alichosema baadaye: "Au kama kuna mtu wa nyumbani ananyonyesha, ana afya, na amepimwa." Nilinyamaza. Badawi naye akanyamaza, na nadhani ni mara yake ya kwanza kujua wakati wa kunyamaza.

Basi nakuomba. Ukamue, umpe Badawi ayalete. Ila nimnyweshe mimi, kwa mkono wangu, hapa kwangu. Na watu wasiambiwe. Najua naomba huku naweka masharti. Ndivyo ninavyoweza.

Alhamisi ni zamu yako. Nimemwambia akifunga duka aende Likoni moja kwa moja, hata mimi nikipiga simu.

Israa


Likoni
Ijumaa, 28 Februari 2025

Israa,

Marahaba.

Nimepimwa vipimo vyote wakati wa mimba ya Salsabil na juzi nimerudia, majibu Badawi anayo mfukoni uyaone. Chupa ni za gilasi, nimezichemsha. Zimo ndani ya kikasha cha barafu ambacho watoto huenda nacho pwani. Ukitaka kuyapasha, tia chupa kwenye bakuli la maji ya moto, usiyaweke jikoni. Yakibaki kwenye kikombe usimrudishie.

Masharti nimeyakubali. Kwa majirani kikasha kina samaki.

Badawi alikuja jana. Alikula, akatazama madaftari. Kisha akanihadithia jinsi Imad alivyomeza. Alinihadithia, akanywa maji, akanihadithia tena. Uso wake ulikuwa uso ambao mimi sikuuona Salsabil alipozaliwa. Naliinuka nikaosha vyombo vilivyokuwa vimekwisha oshwa.

Nakwambia hili usije ukadhani mimi ni mtu mwema. Maziwa nitaleta.

Kuluthum


Kiembeni
Ijumaa, 21 Machi 2025

Dada Kuluthum,

Shikamoo, na Ramadhani njema.

Jana Imad alipimwa. Sista Purity alitazama mzani, akamtoa, akamrudisha tena, akacheka peke yake. Amepata mashavu. Kwenye kiganja kuna nyama. Kila kliniki iliyopita nilikuwa nakaa pembeni ya benchi, nawatazama wanawake wengine wanavyovua watoto wao, wanene, miguu kama mikate iliyoumuka, na kila mmoja niliona kama kaninyang'anya kitu. Jana nilikaa katikati. Mwanamke mmoja alikuwa na mtoto mwembamba, akamtazama wangu, na nikalijua lile jicho. Nikamfunika Imad leso.

Maziwa yangu yamerudi. Sasa nikimaliza kumnyonyesha nakamua na kikombe kinajaa. Sista amesema inatosha.

Lakini si hilo tu lililonifanya niandike. Juzi Badawi alifuturu kwangu, mama yangu akamuuliza Likoni hawajambo, wanafunga vizuri? Akajibu, "Wote, ila Kuluthum hafungi mwaka huu." Mama akauliza kwa nini, mtoto si mkubwa sasa? Badawi akatia tende mdomoni.

Nilidhani una maziwa ya watoto wawili na yanabaki. Ndivyo ulivyoandika mwanzo. Kumbe umeacha kufunga ili yasipungue, na deni hilo utalilipa peke yako baadaye, watu wanakula na wewe una njaa. Ungeniambia. Nimekasirika na sijui nimekasirikia nini. Labda ni kwamba mtu akikupa kitu kikubwa namna hii, siku zote utasimama mbele yake ukiwa mdogo, na mimi mbele yako nimekuwa mdogo tangu siku ya kwanza.

Usilete tena. Funga siku zilizobaki. Ahsante kwa kila chupa.

Badawi anataka Idi tule wote kwako. Nitakuja.

Israa


Likoni
Jumatano, 2 Aprili 2025

Israa,

Mlifika salama, Badawi ameniambia. Mama mkwe ameisifu sana rangi ya buibui lako. Watoto wangu bado wanakuzungumzia.

Nalikuwa nimesema sitaandika hili. Nimeliandika mara mbili nikalitia moto.

Siku ya Idi kila mtu alimshika Imad. Mama mkwe alimshika. Wifi alimshika. Kache, jirani yangu anayeuza mboga, alikuja kupewa sahani ya biriani na akamshika, tena akamrusha juu. Mimi nalikuja na sinia, nikaiweka, nikasimama mbele yako. Ulinitazama, ukamhamishia bega la pili. Ulipokwenda kuswali ulimpa Badawi, nami nimeketi hatua moja kutoka kwako.

Sikuomba. Singeomba mbele ya watu.

Lakini sikiliza. Ulipoandika nisilete tena, naliifunga barua nikasema alhamdulillahi, kazi imekwisha. Mwili haukusoma barua. Saa ile ya kumkamulia ilipofika, kifua kikaanza. Kesho yake tena. Salsabil ameshiba amelala, na mimi nimekaa kitandani nimelowa, nina maziwa ya mtoto ambaye si wangu na hayana pa kwenda. Nalikamua nikayamwaga kwenye sinki. Nilivyolia, mtu angesema nimefiwa.

Nalianza jambo hili kwa wivu, nimekwisha kukwambia. Sikujua nitalimaliza kwa wivu. Mwanzo nalikuonea wivu mume. Siku ya Idi hata sikutazama Badawi kakaa wapi.

Imad amependeza. Ana kidevu cha pili. Nalimwona kwa mbali.

Kuluthum


Kiembeni
Jumamosi, 5 Aprili 2025

Dada Kuluthum,

Shikamoo.

Nilikuona na sinia. Nilikuona umesimama. Usidhani sikujua ninachofanya.

Ngoja nikueleze lililotokea, maana wewe ulikuwa jikoni na hukuliona. Imad alilia tangu kivukoni. Badawi alimbeba, mama alimbeba, nikamnyonyesha ndani ya gari, wapi. Tulipofika mlangoni kwako analia bado. Wewe ukasema kutoka ndani, "Karibuni, piteni." Basi. Akanyamaza. Akageuza kichwa kutafuta sauti imetoka wapi.

Siku moja tu alikaa mapajani mwako. Labda hakuikumbuka sauti, labda alichoka tu kulia. Mama yangu anasema watoto hunyamaza kwa jambo lolote. Lakini mimi nilisimama pale kwenye mkeka wa viatu. Nikawaza, nikikupa atakigeukia kifua chako mbele ya mama mkwe, mbele ya wifi, na wote watajua. Kisha nikawaza lililo baya zaidi, kwamba atakigeuza kichwa kisha nikimwita hatanigeukia mimi. Ndiyo maana nilimbana mpaka mikono ikaingia ganzi. Kache angeweza kumrusha hadi darini, sikumwogopa Kache.

Hayo ya sinki yameniumiza. Sikuwahi kufikiri kwamba na wewe ungebaki na kitu mkononi. Nilidhani mwenye nacho hukitoa, basi.

Wivu wangu haujaisha, sitakudanganya, na wewe hukunidanganya. Jana Badawi alikuja amevaa kanzu uliyoipiga pasi wewe, mistari imenyooka kama ya dukani, nikaitia maji makusudi. Lakini Imad nimekaa nimemtazama. Miguu yake hii, sehemu ni yangu, sehemu ni ya kopo, na sehemu ni yako, na siwezi kuonyesha wapi pako panaanza.

Jumapili ya wiki ijayo Badawi ana harusi ya rafiki yake huko Shanzu, atakuwa huko kutwa, hatakuwa wangu wala wako. Mama yangu amerudi kwake. Njoo na Salsabil. Nitapika mimi.

Nitakupa umshike. Nitakaa karibu, na akilia nitamchukua, usiniambie ngoja kidogo. Najua hutachoka, kwa hiyo mimi ndiye nitakayesema sasa inatosha.

Ila uje na nguo isiyofunguka mbele.

Mdogo wako,
Israa